Kiungo cha kina ni nini, na kwa nini tovuti nyingi hukipoteza

Unatafuta chumba cha kupanga kwenye tovuti. Umechagua Sinza, bei isiyozidi 150,000, na orodha imejipanga upya palepale bila ukurasa kufunguka tena. Unanakili anwani, unamtumia dada yako kwa WhatsApp. Anaifungua, anakuta ukurasa wa mwanzo na vyumba vya Dar es Salaam nzima. "Ni kipi sasa?" anauliza.

Kilichokosekana hapo ni kiungo cha kina: anwani inayomfikisha mtu kwenye kile hasa ulichokuwa unakitazama, na si mlangoni tu.

Chanzo cha tatizo ni mbinu iitwayo Ajax, jina alilolitoa Jesse James Garrett mwaka 2005, wakati Gmail na Google Maps zilikwisha kuitumia. JavaScript, lugha ya programu inayoendeshwa ndani ya kivinjari, huomba data chinichini kwa seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, kisha hubadilisha kipande kimoja tu cha ukurasa. Ni haraka, na bando haliliki sana. Ila kivinjari hakijui kwamba umehama: anwani ni ileile, alamisho unayohifadhi inarudi mwanzo, na ukibonyeza kitufe cha kurudi nyuma unatupwa nje ya tovuti kabisa.

Dawa ya kwanza ilikuwa alama ya reli, yaani #. Kazi yake ya asili ni kumrusha msomaji kwenye sehemu fulani ya ukurasa uleule, kwa hiyo JavaScript iliweza kuibadilisha bila kuufungua ukurasa upya. Alamisho zikafanya kazi. Lakini kinachofuata baada ya # hakitumwi kamwe kwa seva, na Google haikuona kitu. Mwaka 2009 Google ikapendekeza #! badala yake, ili iweze kuzitambua anwani za namna hiyo, na Twitter ikaifuata katika sura yake mpya ya 2010. Haikudumu. JavaScript ikikwama, msomaji hubaki na ukurasa mtupu, maana seva haijui alichotaka. Twitter ilianza kuiacha mwaka 2012, na Google yenyewe ikaacha kuipendekeza mwaka 2015.

Njia inayofaa leo imo ndani ya kivinjari chenyewe:

history.pushState({}, "", "/vyumba?mtaa=sinza&bei=150000")

Mstari huo hubadilisha anwani juu ya kivinjari bila kupakia chochote, na huongeza hatua moja kwenye historia. Nduguye, replaceState, hubadilisha anwani bila kuongeza hatua. Mtu anapoandika "Sinza" herufi kwa herufi kwenye kisanduku cha kutafutia, tumia huyu wa pili. La sivyo atabonyeza kurudi nyuma mara tano kufuta neno moja. Sikiliza pia tukio la popstate, taarifa ambayo kivinjari hutoa mtu anaporudi nyuma, ili mtu akirudi nyuma orodha nayo irudi. Nimekutana na tovuti ambazo anwani inarudi lakini vyumba vinabaki vilevile, na hilo linachanganya kuliko kutokuwa na kiungo kabisa.

Kisha kuna seva, na hapa ndipo wengi husahau. Anwani uliyoitunga kwa pushState lazima seva nayo iijue. Dada akiifungua moja kwa moja, ombi linakwenda kwa seva kwanza. Ikiwa haikuandaliwa, atapata kosa la 404, yaani ukurasa haukupatikana. Nakili anwani, ibandike kwenye dirisha la faragha, utaona papo hapo.

Kuhusu utafutaji, Google siku hizi huendesha JavaScript, ila roboti zake, programu zinazopitia tovuti, hazibonyezi vitufe. Hufuata viungo halisi, vile vyenye `<a href>`. Basi jina la mtaa liwe kiungo cha kweli, na JavaScript iudake mbofyo juu yake. Kila anwani iwe na kichwa chake pia: "Vyumba vya kupanga Sinza", si jina la tovuti likirudiwa kila mahali. Si lazima kila mchanganyiko wa bei na mtaa uingie Google. Chagua ile ambayo watu huitafuta kweli.