Meno ya tembo: kwa nini upelelezi usiishie kwa mpiga risasi

Sensa ya wanyamapori ya mwaka 2009 ilikadiria kuwa Tanzania ilikuwa na tembo wapatao 109,000. Ile ya mwaka 2014 ikapata takribani 43,000. Sehemu kubwa ya hasara hiyo ilitokea kusini, katika mfumo ikolojia wa Selous, ambako mwaka 2013 walikadiriwa kubaki tembo 13,084, ilhali miaka minne kabla walikuwa karibu 39,000. Maangamizi ya kiasi hicho hayafanywi na wanakijiji wachache wenye magobore. Hii ni biashara haramu ya meno ya tembo, yenye mtaji, maghala, madalali na nyaraka za forodha, na anayetaka kuikomesha hana budi kuifuata kwa mkondo wa fedha zake.

Mpiga risasi yuko chini kabisa. Mara nyingi ni mtu anayelijua pori, aliyepewa silaha na risasi na mtu mwingine, na malipo yake ni sehemu ndogo sana ya bei ambayo jino lilelile litauzwa ng'ambo. Akikamatwa leo, aliyemtuma humtafuta mwingine. Juu yake yupo mkusanyaji, kisha dalali wa mjini, kisha mwenye fedha, ambaye huenda hajawahi kukanyaga hifadhini. Novemba 2013 meno 706 yalikutwa katika nyumba moja ya Mikocheni, Dar es Salaam. Katika kesi nyingine, Oktoba 2015 alishtakiwa Yang Fenglan, raia wa China aliyewahi kuwa mkalimani katika mradi wa TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, na baadaye kumiliki mgahawa jijini humo. Februari 2019 Mahakama ya Kisutu ilimhukumu, pamoja na Watanzania wawili, kifungo cha miaka 15 kwa biashara haramu ya meno ya tembo yanayozidi 800.

Sayansi imeusaidia sana upelelezi wa namna hii. Wataalamu wakiongozwa na Samuel Wasser wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walikusanya kinyesi cha tembo kutoka sehemu nyingi za Afrika, wakatengeneza ramani ya vinasaba vya makundi mbalimbali, kisha wakavilinganisha na vinasaba vya meno yaliyokamatwa katika shehena kubwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kuwa meno mengi ya tembo wa savana katika shehena za miaka iliyotangulia yalitoka kusini-mashariki mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji. Mwaka 2018 walieleza jambo lingine, ambalo kwangu ndilo zito zaidi: meno mawili ya tembo mmoja yalikuwa yakikutwa katika shehena mbili tofauti, zilizopitia bandari ileile kwa nyakati zilizokaribiana. Kwa kuunganisha jozi hizo waliweza kubainisha mitandao mitatu mikubwa, iliyotumia Mombasa (Kenya), Entebbe (Uganda) na Lomé (Togo). Maana yake kisheria ni kwamba mtuhumiwa aliyenaswa na kontena moja anaweza kuhusishwa na makontena mengine, badala ya kujibu shtaka la shehena moja na kuachwa aendelee.

Nguvu peke yake imewahi kutuharibia kazi. Operesheni Tokomeza, msako wa Serikali dhidi ya majangili wa mwaka 2013, ilisitishwa baada ya malalamiko ya mateso, vifo na uporaji dhidi ya raia, na Desemba mwaka huo mawaziri wanne walipoteza nyadhifa zao. Mwanakijiji aliyeteswa na askari hatampelekea askari taarifa, na bila taarifa za vijijini doria hutembea gizani.

Tembo hawarejei upesi. Mimba huchukua takribani miezi 22, na jike huzaa ndama mmoja kila baada ya miaka minne au mitano. Isitoshe, jangili huchagua wenye meno makubwa, yaani wazee, na kwa tembo majike wazee ndio waongozaji wa familia. Wakati wa ukame wa mwaka 1993 huko Tarangire, familia zilizotoka nje ya hifadhi kutafuta malisho na maji zilipoteza ndama wachache kuliko zilizobaki, na watafiti walihusisha uamuzi huo na majike wenye umri wa kukumbuka ukame wa zamani. Kundi lililoporwa wazee wake hubaki na upungufu huo hata idadi inapoanza kupanda.

China ilifunga soko lake halali la ndani la meno ya tembo mwishoni mwa 2017, hatua iliyosaidia, ingawa biashara ya siri inaendelea.

Kwa mwananchi, jambo la kufahamu ni kwamba jino la tembo ni nyara ya Serikali, yaani mali yake kisheria, hata kama limeokotwa shambani au limerithiwa. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inaweza kumpeleka anayelimiliki bila kibali gerezani hadi miaka 30. Anayekuta mzoga asiukaribie wala asiokote maganda ya risasi, kwa sababu maganda hayo na nyayo zilizo pembeni ni vielelezo vya mahakamani. Akumbuke pia kuwa majangili wamewahi kutumia maboga yenye sumu, hivyo nyama ya mzoga huo isiliwe wala kupewa mbwa. Atoe taarifa kwa kituo cha TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori) au TANAPA (Hifadhi za Taifa), kwa afisa wanyamapori wa wilaya, au kwa polisi, akieleza mahali na saa alipouona.