Je, wajua kwa nini kitunguu saumu huota majani mazuri kisha kikakataa kugawanyika?

Unang'oa mmea uliostawi, chini yake unakuta kitunguu cha mviringo kama cha kawaida, hakina punje hata moja. Wengi hulaumu mbolea. Mara nyingi kilichokosekana ni baridi.

Kitunguu saumu kina asili ya Asia ya Kati, kwenye majira ya baridi kali. Wiki kadhaa za ubaridi, kati ya nyuzi 0 na 10 za Selsiasi, ndizo huuamsha mmea kutengeneza vichipukizi ambavyo baadaye huwa punje. Siku zinaporefuka na joto kupanda, punje hizo hujaa. Huku kwetu karibu na ikweta urefu wa siku haubadiliki sana, kwa hiyo mzigo mkubwa unabaki kwa baridi na aina ya mbegu. Ndiyo maana zao hili limeshika Mbulu na nyanda za juu kama Meru, si Tanga wala Mombasa.

Basi tafuta mbegu iliyolimwa nyanda za juu za huku. Ile ya dukani iliyotoka nje mara nyingi imezoea siku ndefu, na nyingine hupuliziwa dawa ya kuzuia kuchipua. Kama kwako hakuna baridi ya kutosha, weka vichwa vizima kwenye mfuko wa karatasi ndani ya friji, wiki 6 hadi 8, kisha uvipande shambani mara tu unapovitoa, maana joto hufuta kazi ya baridi. Pwani hata hivyo usitarajie makubwa. Kata majani yake uunge mchuzi.

Tuta la mita 1 kwa 2 linatosha punje 100: mistari kila sentimita 20, punje kila sentimita 10. Changanya ndoo mbili za lita 20 za samadi iliyooza vizuri. Tenganisha punje siku ya kupanda bila kuzimenya. Kubwa zipande, ndogo za katikati zipeleke jikoni. Ncha itazame juu, kina sentimita 3 hadi 5. Ikigeuzwa, chipukizi hujikunja na kichwa hutoka kimepinda. Nyanda za juu, panda mwishoni mwa masika ili baridi ya Juni na Julai iukute mmea shambani.

Mizizi yake ni mifupi, hivyo mwagilia kidogo kidogo na palilia kwa mkono. Mbolea ya kukuzia, yaani CAN au urea, iishe ndani ya miezi miwili ya mwanzo. Ukiendelea nayo utavuna majani. Ukiona ukungu mweupe wenye vidoa vyeusi vidogo kama kichwa cha pini kwenye shina la chini, ng'oa mmea uuchome. Vimelea hivyo hukaa udongoni miaka mingi, kwa hiyo sehemu hiyo usirudishe kitunguu cha aina yoyote.

Kuvuna ni baada ya miezi 4 hadi 5, na hapa ndipo watu hukosea zaidi. Kila jani linaendelea hadi chini na kuwa ganda moja la kichwa. Majani ya chini yakikauka kiasi cha theluthi, acha kumwagilia. Yakifika karibu nusu, vuna. Ukisubiri yakauke yote, maganda yameshaoza na kichwa hufunguka udongoni. Legeza udongo kwa jembe la uma, usivute shingo.

Usivioshe. Vitundike na majani yake kivulini penye upepo, wiki 2 hadi 3, mpaka shingo ikauke kabisa, ndipo ukate majani ubakishe sentimita 2. Hifadhi kwenye wavu au kikapu, si mfuko wa nailoni. Vya kula visikae kwenye friji: baridi ileile iliyogawa punje shambani huviambia vichipue. Vile vya mviringo visivyogawanyika vinalika, au uvipande tena msimu ujao; vikipata baridi, vitagawanyika.