Dhana potofu kuhusu lugha za fanksheni na ukokotoaji wake

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba lugha za programu za fanksheni (fanksheni ni kanuni inayopokea thamani na kurudisha jibu) huahirisha kila hesabu mpaka jibu lake lihitajike. Haskell, mojawapo ya lugha hizo, hufanya hivyo, ndiyo. Lakini Lisp, iliyobuniwa na John McCarthy mwishoni mwa miaka ya 1950, na ML, iliyozaliwa Edinburgh miaka ya 1970, hukokotoa hoja, yaani kile fanksheni inachopewa, kwanza ndipo ziite fanksheni. Scheme na OCaml zimefuata njia hiyohiyo. Lugha huwa ya fanksheni kwa sababu inaichukulia fanksheni kuwa thamani kama namba ilivyo: unaipitisha, unairudisha, unaiunganisha na nyingine. Lini hesabu ifanyike ni uamuzi wa pekee, na watafiti wameushughulikia kwa miongo mingi.

Wengine husema mpangilio wa kukokotoa haujalishi, kwa kuwa wanamantiki Alonzo Church na J. Barkley Rosser walithibitisha hivyo mwaka 1936. Hapa nadharia nzuri imesomwa nusu. Inachosema ni kwamba njia mbili zikifika mwisho, zitaleta jibu moja. Haiahidi kwamba zote mbili zitafika. Chukua fanksheni kwanza(x, y), inayorudisha x na kuiacha y, kisha uipe 7 pamoja na hesabu isiyokoma. Anayekokotoa hoja kwanza atazama humo asitoke. Anayeanza na fanksheni ya nje atapata 7 mara moja. Tofauti hiyo ina mizizi mirefu: mwaka 1975 Gordon Plotkin alionyesha kwamba kila mojawapo ya njia hizi ina kanuni zake za usawa. Usemi mmoja unaoweza kubadilishwa kwa mwingine bila madhara chini ya njia moja huenda ukaharibu programu chini ya nyingine. Kwa mwandishi wa kompaila, programu inayotafsiri msimbo kuwa lugha ya mashine, hilo si jambo la kupuuza hata kidogo.

Je, kuahirisha hupunguza kazi daima? Hapana, na hapa ndipo pananivutia zaidi. Tazama mraba(2 + 3). Ukiipeleka hoja ndani bila kuikokotoa, unapata (2 + 3) × (2 + 3), na jumla ileile inafanywa mara mbili. Christopher Wadsworth, katika tasnifu yake ya Oxford ya mwaka 1971, alipendekeza usemi uchorwe kama grafu, yaani vituo vilivyounganishwa kwa mishale, ili sehemu zote mbili zielekee kwenye 2 + 3 moja. Ikishakokotolewa, jibu linatumika kote. Marudio hayo yakaondoka, lakini hesabu inayosubiri lazima ikae mahali. Ukijumlisha orodha ya namba milioni moja huku ukiahirisha kila hatua, kumbukumbu itajaa mlolongo wa majumlisho yanayosubiri, ilhali namba moja ingetosha. Ndiyo maana kompaila nzuri huchunguza mapema ni hoja zipi lazima zitahitajika, kisha huzikokotoa bila kungoja.

Hata grafu ya Wadsworth haigawani kila kinachoweza kugawanwa. Jean-Jacques Lévy alieleza mwaka 1978 ukokotoaji bora kabisa, wenye hatua chache kuliko wote, ungekuwaje, na John Lamping akapata algoriti yake mwaka 1990. Lakini baadaye Andrea Asperti na Harry Mairson walithibitisha kwamba idadi ndogo ya hatua inaweza kuficha gharama kubwa mno ndani ya kila hatua. Kwa hiyo anayehesabu hatua peke yake hajapima muda.

Kuhusu madai kwamba lugha hizi ni nadharia tupu na haziwezi kwenda kasi: Peter Landin alieleza mashine ya kuzikokotoa, SECD, mwaka 1964, na kompaila za leo za OCaml na Haskell hutoa msimbo wa mashine moja kwa moja.

Limebaki dai kwamba lugha safi ya fanksheni, ambayo fanksheni zake hurudisha jibu tu bila kubadili kitu kingine, haiwezi kusoma faili wala kuandika kwenye skrini. Ugumu ulikuwepo kweli. Hesabu ikiahirishwa, hujui itafanyika lini, na amri ya kuandika haiwezi kuachwa itokee wakati wowote. Suluhisho lilitokana na wazo la Eugenio Moggi la kutumia monadi, muundo wa kihisabati wa kuunganisha hesabu moja na inayofuata, kueleza maana ya programu, ambalo Philip Wadler alilileta kwenye uandishi wa programu wenyewe. Amri hugeuka thamani zinazounganishwa kwa mfuatano ulio wazi, na toleo la Haskell 1.3 la mwaka 1996 likaifanya njia hiyo kuwa ya kawaida.