Nasikia, ila sielewi

Maneno hayo nayapokea karibu kila siku kliniki. "Daktari, nasikia, ila sielewi." (Mimi ni mtaalamu wa vipimo vya usikivu, si daktari, lakini nimechoka kubishana.) Safari hii aliyeyasema ni mama mmoja, mwalimu mstaafu, mwaka wa tisa sasa anavaa mashine masikio yote mawili. Binti yake alimleta baada ya simu ya kikao cha harusi: mama aliitikia "haya, haya" mpaka mwisho, kumbe amekubali kuwa mweka hazina wa kamati.

Tulicheka wote watatu. Kisha nikamvalisha hedifoni, nikaficha mdomo kwa karatasi, nikamtajia maneno moja moja: paka, taka, kaka, saka, shaka, chaka. Sauti niliikuza mpaka akasema inatosha. Kati ya maneno 25 alipata 9. Kila alipokosa, zile a mbili alizipata sawasawa. Kilichopotea ni konsonanti.

Ndani ya sikio kuna koklea, kijumba kilichojisokota kama konokono. Tunazaliwa na seli zenye vinyweleo zipatazo 15,000 kila upande, na zikifa hazioti tena, ziwe zimeuawa na umri, na kelele za miaka au na sindano kama kanamaisini zilizotumika kutibu kifua kikuu sugu. Mara nyingi zinazotangulia ni zile za mlangoni, zinazopokea sauti nyembamba: s, sh, f, t. Irabu ni nene, zinadumu. Na Kiswahili kimejaa irabu, ndiyo maana mzungumzaji wetu anaweza kubahatisha kwa miaka mingi bila mtu kugundua. Sentensi inamfikia kama wimbo ambao maneno yake yamefutwa.

Mashine hukuza sauti. Seli za kuipokea zikiwa zimekwisha, unakuza kelele tu. Hapo ndipo mazungumzo ya kipandikizi cha koklea, kifaa kinachowekwa ndani ya sikio kwa upasuaji, huanza. Kanuni ambayo wengi wetu tunaitumia ni hii: sikio lililo bora likihitaji wastani wa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 60 au zaidi ndipo lisikie, na maneno linayopata bila mashine hayazidi asilimia 60, mgonjwa apelekwe kuchunguzwa. Kupelekwa si kupasuliwa; kwanza ni vipimo, pamoja na CT, yaani picha ya ndani ya sikio. Wengi wanakuja kwetu miaka kumi baadaye, na miaka hiyo ina gharama yake, kwa sababu ubongo usiopata sauti husahau kuzitafsiri. Kwa hiyo usiitupe mashine droani kwa hasira.

Mama aliogopa kufunguliwa ubongo. Hapana. Daktari bingwa hupitia mfupa ulio nyuma ya sikio, mgonjwa akiwa chini ya nusukaputi, kazi ya saa mbili au tatu hivi. Waya mwembamba wenye elektrodi (vituo vidogo vya kutoa umeme) 12 hadi 22, kutegemea mtengenezaji, huingizwa kwenye koklea na kuuchochea mshipa wa fahamu moja kwa moja. Nje hubaki kifaa kinachoshikwa na sumaku. Muhimbili wanafanya upasuaji huu tangu 2017. Kabla ya hapo watoto wetu walipelekwa India.

Nilimweleza na yasiyopendeza. Usikivu kidogo uliobaki katika sikio hilo unaweza kupotea. Kifaa huwashwa wiki kadhaa baada ya upasuaji, na siku hiyo watu wengi husikia milio kama ya roboti. Maana huja polepole, kwa mazoezi ya miezi. Kuna chanjo ya kuzuia homa ya uti wa mgongo. Kisha kuna jambo ambalo familia hulisahau kabisa: waya hukatika, betri huchoka, umeme hukatika usiku hujachaji, na unyevu wa Pwani hauna huruma. Ulizeni bei ya vipuri kabla ya kuuliza bei ya upasuaji.

Kwa sasa nilimpa binti kazi. Usimpigie mama kelele. Kelele huzidisha irabu tu. Mkalie mbele, kwenye mwanga, zima redio, na asipoelewa, badilisha maneno badala ya kurudia yale yale. Mama naye aache "haya". Aseme, "Nimepata Jumamosi, sikupata saa ngapi."

Alipokuwa akisimama aliniuliza, "Mwanangu, kwaya je?" Yeye ni sauti ya pili kanisani kwao tangu ujana. Nilimwambia kwamba muziki ndio sehemu ngumu kuliko zote. Mapigo atayapata, lakini tuni huenda isirudi kama anavyoikumbuka. Alikaa tena. Akafunga mkoba, akaufungua, akatoa kalenda ndogo ya mwaka huu, akauliza hicho kipimo cha CT kinafanyika siku gani.