Wimbo umepigwa, mwenye wimbo hajulikani: mirabaha kwenye redio za mtandaoni

Kazi yangu ni kuhudumia seva za redio za mtandaoni, zikiwemo za Waswahili walioko Marekani wanaopiga dansi, taarabu na bongofleva kutwa nzima. Wenye vituo huniuliza: jina la wimbo si linaonekana kwenye pleya? Mbona ripoti ya mirabaha inadai mambo mengine tena? Huwa nawajibu kwamba ule mstari ni wa kumfurahisha msikilizaji tu. Haukutengenezwa kwa ajili ya malipo, na ukiutumia kuandaa ripoti, kuna mwanamuziki atakayekosa haki yake.

Tazama jinsi mstari huo unavyosafiri kwenye seva za SHOUTcast na Icecast, programu za kurushia redio mtandaoni. Pleya ikijiunga hutuma ombi `Icy-MetaData: 1`. Seva hujibu, kwa mfano, `icy-metaint: 16000`, yaani kila zikipita baiti 16,000 za sauti, patakuwa na nafasi ya maandishi. Kwa strimu ya kilobiti 128 kwa sekunde, hiyo ni mara moja kila sekunde. Nafasi hiyo huanza na baiti moja. Ukizidisha thamani yake kwa 16 unapata urefu wa maandishi yanayofuata. Ikiwa ni sifuri hakuna jipya, sauti inaendelea. Vinginevyo utakuta kitu cha namna hii:

`StreamTitle='Msanii - Wimbo';`

Basi, ni hicho tu. Msanii na wimbo wamebanwa sehemu moja, wametenganishwa kwa kistari ambacho kinaweza kuwamo hata ndani ya jina lenyewe. Maandishi yote yamefungwa kwa alama ya ritifaa, na sisi tuna maneno kama ng'ombe, ng'ambo na kung'ara. Pleya iliyoandikwa kwa haraka ikifika kwenye "ng'" hudhani maandishi yamekwisha, na jina la wimbo linakatwa hapo hapo. Tena mstari huo huo hubeba tangazo la duka, salamu za mtangazaji na kibwagizo cha kituo, vyote vikiwa vimevaa sura ya wimbo.

Faili lenyewe nalo huja na kasoro zake. Tagi za zamani za MP3 (maelezo ya wimbo yanayokaa ndani ya faili), ziitwazo ID3v1, zina nafasi ya herufi 30 tu kwa jina la msanii. Andika "Remmy Ongala & Orchestre Super Matimila" uhesabu: herufi ya 30 inaishia kwenye "Super". Matimila imepotea! Na mwenye kusoma "Orchestre Super" peke yake atajuaje kwamba si bendi nyingine, Orchestre Super Mazembe? Kuna na majina mengi ya bendi moja: wapo wanaoandika DDC Mlimani Park Orchestra, wapo wanaoandika Mlimani Park, na wapo wanaoandika Sikinde. Shabiki wa dansi anajua ni wale wale. Kompyuta inayogawa fedha haijui.

Dawa yake ni msimbo wa ISRC, unaoitambulisha rekodi moja, wenye herufi na tarakimu 12: tano za mwanzo ni za aliyeutoa, mbili za mwaka, tano za rekodi yenyewe. Wimbo ukirekodiwa upya unapata msimbo mpya. Kwenye MP3 hukaa katika sehemu iitwayo TSRC, lakini nakala iliyochomolewa kwenye video huwa haina kitu pale. Ndiyo maana nawasihi wenye vituo wachukue mafaili kwa wasanii au lebo wenyewe, na wasanii nao waijaze sehemu hiyo kabla ya kusambaza kazi. (Utunzi nao una msimbo wake mwingine, ISWC, na malipo ya mtunzi hupita njia nyingine.)

Kwa Marekani, kituo kinachotumia leseni ya kisheria (inayotolewa na sheria, bila kumwomba kila mwenye rekodi) hupeleka ripoti SoundExchange, shirika linalokusanya na kugawa mirabaha ya rekodi. Ripoti inataka msanii mkuu, jina la rekodi, na ISRC. Ukiikosa ISRC, weka albamu na lebo. Fedha zikigawanywa, asilimia 50 ni ya mwenye rekodi, 45 ya msanii mkuu na 5 ya wapigaji na waimbaji wengine. Huyo wa 45 ndiye ninayemwonea uchungu jina lake linapokatika.

Kwa hiyo ripoti ianzie studio. Programu inayopanga nyimbo iandike logi yake, yaani kumbukumbu ya kilichopigwa: saa, msanii, wimbo, albamu, lebo, ISRC. Matangazo yatiwe alama tofauti tangu mwanzo.

Kisha zinakuja hesabu za wasikilizaji, na hapa wengi hukwama. Wimbo mmoja uliosikiwa na watu 40 ni upigaji 40. Icecast huandika mstari wa msikilizaji kwenye access.log, logi ya seva, pale anapoondoka, na mwishoni huweka sekunde alizokaa. Aliyejiunga asubuhi akaondoka jioni ana mstari mmoja tu, nawe inabidi urudi nyuma umhesabie kila wimbo uliopita akiwepo. Saa za studio na za seva lazima zilingane. Studio ikiwa kwenye saa za Afrika Mashariki na seva kwenye UTC (saa za kimataifa), tofauti ni saa tatu, na wasikilizaji wa kipindi cha taarabu wataandikiwa kipindi kingine kabisa. Mimi huweka zote UTC.

Mwisho wa mwezi kuna jambo la ziada. Anayesikiliza ikipita saa sita usiku bado hana mstari kwenye logi; ataonekana mwezi unaofuata. Siifungi ripoti usiku huo. Nasubiri waondoke, kisha nagawa muda wao kwenye miezi miwili. Kanuni inatoa siku 45 za kupeleka ripoti baada ya mwezi kwisha, na kwa kazi hiyo zinatosha.