Gram-chanya si "kuwa positive"

Gram-chanya ni bakteria anayeshika rangi ya zambarau katika kipimo cha Gram na kubaki nayo hata akisuuzwa kwa spiriti. Maana ni hiyo tu. Kilichonikalisha kuandika ni hilo "chanya".

Juzi mama mmoja alifika kwenye dirisha la maabara yetu hapa Kisumu, karatasi ya majibu ameishika kwa ncha za vidole. Haikuwa yetu, ilitoka zahanati fulani ambako mwanawe alipanguswa koo. "Daktari," akaniita, nami si daktari, ni mtu wa maabara tu, "hapa wameandika positive. Kwani mtoto ni positive?" Sauti ilishuka kwenye neno la mwisho. Kwa watu wa huku kando ya ziwa, ambako Ukimwi umeingia nyumba nyingi kuliko karibu kote Kenya, neno hilo lina maana moja. Karatasi ilisema "Gram positive cocci in chains", basi. Vidudu vya mviringo, vya zambarau, vimejipanga kama shanga.

Tuanze na Gram. Si gramu za sukari, ingawa nimeshaulizwa ni gramu ngapi. Ni jina la mtu: Hans Christian Gram, daktari wa Denmark, aliyekuwa Berlin mwaka 1884 akitafuta namna ya kuwaona bakteria ndani ya mapafu ya watu waliokufa kwa nimonia. Alipaka zambarau ya jenshiani, ile ile ya dawa ya GV tunayowapaka watoto mdomoni, akaongeza iodini, kisha akasuuza kwa spiriti. Bakteria wengine walibaki na rangi, wengine wakachuja. Mtu aliyewahi kufua leso mpya anaelewa: kuna inayoshika rangi na kuna inayoiachia yote kwenye beseni. Wale wa kwanza, wenye ukuta mnene, ndio chanya. Waliochuja ni hasi, na siku hizi tunawapaka rangi nyekundu ili nao waonekane. Gram mwenyewe alikiri kwenye andiko lake kwamba njia hiyo ina kasoro nyingi.

Kwa hiyo chanya hapa haisemi kwamba ugonjwa umepatikana. Inasema rangi haikuchuja. Maziwa lala yamejaa bakteria Gram-chanya na tunayanywa na ugali. Bakteria wa kipindupindu ni Gram-hasi, na sijaona anayeshangilia hasi hiyo.

Kwenye koo jambo lenyewe ni baya zaidi. Nikipangusa koo la mtu yeyote mzima wa afya pale stendi ya Kisumu, nitaona vidudu vya mviringo vya zambarau, tena vingine vimetungwa vizuri kabisa. Ni wakazi wa kawaida wa mdomo. Jina streptokokasi, wanaloitwa hao vidudu wa mviringo waliojipanga kama shanga, nalo halifichui zaidi: ni Kigiriki, "kilichosokotwa" na "punje", na daktari mpasuaji Theodor Billroth ndiye aliyelitunga mwaka 1874. Ni jina la umbo, na ukoo huo una wapole na wakorofi.

Tunayemtafuta ni mkorofi mmoja, streptokokasi wa kundi A, kwa sababu akiachwa bila dawa anaweza kuleta homa ya baridi yabisi inayoharibu vali za moyo wa mtoto. Huyo hatumjui kwa rangi. Tunapaka sampuli kwenye sahani yenye damu ya kondoo, tunailaza kwenye joto la nyuzi 35 hadi 37, na kesho yake tunaiinua dirishani. Akiwepo, utaona vidoa vidogo kama vichwa vya pini, na kila kimoja kimezungukwa na duara ambalo damu yake imeyeyuka kabisa. Ukiweka gazeti nyuma yake unasoma herufi. Kuyeyusha damu kabisa namna hiyo ndiko tunakoita beta. Hata beta peke yake haitoshi, maana kundi C na kundi G nao huyeyusha hivyo hivyo. Herufi A inatokana na kipimo kingine, cha makundi aliyoyapanga mtafiti wa bakteria Rebecca Lancefield kule New York mwaka 1933, na ndiyo herufi ninayotaka kuiona kwenye karatasi.

Nilimwambia yule mama hivi, kwa kifupi zaidi. Akaitazama karatasi tena. "Kwa hivyo hii ni rangi tu?" Ni rangi tu, mama. Tukampangusa mtoto upya, tonsili zote mbili na ukuta wa nyuma, bila kugusa ulimi, naye akanipiga teke. Majirani wakikuuliza leo, waambie wameona vidudu vya zambarau, na majibu ya koo ni kesho.