Ganda la chaza: siri iko kwenye gundi

Kazi yangu ni kauri: vigae, vihami vya umeme, meno ya bandia na jamii yake. Kauri ina sifa nyingi. Haishiki kutu, inavumilia moto, haikwaruziki ovyo. Kasoro yake anaijua kila aliyewahi kuangusha sahani: ufa ukishaanza, basi tena. Chuma kikizidiwa hupinda kwanza, ukapata muda wa kukimbia. Kauri haikupi muda. Ndiyo maana sisi wa fani hii hatuchoki kulichunguza ganda la chaza.

Chukua ganda la chaza wa lulu, utazame upande wa ndani, ule unaobadilika kutoka waridi kwenda kijani ukiuchezesha kwenye mwanga. Kikemia hakuna cha kushangaza hapo. Karibu asilimia 95 ni kalsiamu kaboneti, kemikali ileile ya mawe ya matumbawe yaliyojengewa nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar. Asilimia 5 hivi inayobaki ni protini na kitini, ambayo utaikuta pia kwenye gamba la kamba. Madini hayo yakiwa peke yake hupasuka kirahisi. Yakiwa ndani ya ganda, fundi wa hereni anayakata kwa msumeno, anayatoboa, anayasugua hadi yanakuwa membamba, na hayamegeki.

Mtandaoni utasoma kwamba ganda hilo lina nguvu mara 3,000 kuliko madini yake. Hapana. Namba hiyo inahusu nishati inayotumika kulipasua, si mzigo linaoweza kubeba. Hayo ni mambo mawili, na mara nyingi yanavutana: ukiongeza moja, lingine linapungua. Mwaka 1988 watafiti Jackson, Vincent na Turner walichapisha vipimo ninavyovirudia hadi leo. Likivutwa likiwa kavu, tabaka hilo linalong'aa lilihimili megapaskali (kipimo cha mkazo) 170 hivi. Likiwa limelowa, 130 tu. Yaani maji yamelidhoofisha. Lakini kulipasua likiwa limelowa kulihitaji nishati karibu mara 10 zaidi. Na waliandika, bila mbwembwe, kwamba humo ndani karibu hakuna mbinu yoyote mpya. Ni kitu kilichotengenezwa vizuri tu.

Kimetengenezwaje? Weka kipande kilichovunjika chini ya hadubini ya elektroni. Utaona vibapa vya madini vilivyopangwa safu juu ya safu, kila kimoja na unene wa nusu mikromita hivi (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Kwenye unene wa unywele mmoja zingeingia safu zaidi ya 100. Kati ya safu na safu kuna utando wa gundi ya protini, mwembamba kuliko vibapa vyenyewe kwa mbali. Unene wa vibapa unakaribiana na urefu wa mawimbi ya mwanga, na zile rangi zinatokana na hapo. Hakuna rangi yoyote iliyopakwa.

Watu wa fani hupenda kuuita mpangilio huu matofali na saruji. Mfano huo unakufikisha nusu ya njia. Mwashi anataka saruji yake ishike na isiachie kamwe. Gundi ya chaza inatakiwa iachie, ila polepole, na iachie kabla tofali halijakatika. Ufa ukiingia kutoka nje hukutana na utando laini, hukengeuka, huenda kando, hupanda safu moja, hukengeuka tena. Wakati huohuo vibapa vya jirani vinateleza kidogo, na protini inavutika huku ikiwa bado imeshika pande zote mbili. Nyuso za vibapa nazo zina vinundu, na hapa na pale kuna vidaraja vya madini, vyote vikizuia mtelezo usipitilize. Kila mtelezo unakula nishati, na mitelezo hiyo inasambaa eneo zima badala ya kukusanyika kwenye ncha ya ufa. Gundi ingekuwa kali zaidi, ufa ungepita moja kwa moja kana kwamba pale pana jiwe zima. Ingekuwa dhaifu zaidi, safu zingebanduka zenyewe. Hapo katikati ndipo kazi ilipo, na ndipo wanaoiga asili kwa sura tu wanapokwama.

Sasa, vibapa vidogo namna hiyo utavipangaje? Kuvipanga kimoja kimoja, sahau. Njia ninayoipenda kuliko zote inatumia barafu. Unakoroga uji wa maji na unga wa alumina, ile kauri nyeupe unayoiona kwenye plagi ya pikipiki, unaumimina kwenye kalibu yenye kitako kilichopozwa sana. Barafu inaanzia chini na kupanda juu kwa umbo la kuta nyembamba zilizosimama sambamba. Barafu ikiota haikubali kitu kigeni ndani yake. Bahari za nchi za baridi zikiganda, chumvi husukumwa nje. Hapa kinachosukumwa ni unga, ukabanwa katikati ya kuta. Kisha barafu inaondolewa kwa ombwe, ikigeuka mvuke bila kupitia maji, na unabaki na kuta za alumina zilizoachana pale barafu ilipokuwa. Zinakwenda kwenye tanuri, nyuzijoto 1,500 hivi. Ukigandisha haraka kuta zinakuwa nyembamba, ukienda taratibu zinanenepa.

Watafiti wa maabara ya Lawrence Berkeley, Marekani, waliionyesha njia hii mwaka 2006. Mwaka 2008 wakasonga mbele: walizikandamiza kuta hadi zikavunjika kuwa vibapa, wakachoma tena ili vidaraja viote kati yake, kisha wakajaza nafasi kwa akriliki, plastiki inayotumika kwenye taa za nyuma za magari. Na vile vinundu? Sukari. Waliitia sukari kwenye uji, barafu ikaota na nyuso zenye mikwaruzo, na kuta za alumina zikachukua mikwaruzo hiyohiyo. Kitu kilichotoka, alumina asilimia 80 hivi kwa ujazo, kilihitaji nishati zaidi ya mara 300 kukipasua kuliko alumina au akriliki peke yake.

Mimi niliposoma matokeo hayo nilifikiria joto mara moja. Akriliki inalainika ukivuka kidogo nyuzi 100, kwa hiyo umepata kauri isiyovunjika ovyo lakini umepoteza ile sifa iliyokufanya uitake kauri. Jibu lilitoka Ufaransa mwaka 2014, pale mtafiti Bouville na wenzake walipoitupa plastiki kabisa, wakaweka kati ya vibapa chembe ndogo mno za kauri na utando wa kioo. Hakuna kitu laini humo hata kimoja, ila ufa bado unakengeuka, na unakengeuka hata kwenye nyuzijoto 600. Chaza hawezi hilo. Na hahitaji, adui yake ni taya la samaki.

Kioo pia kimeguswa. Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, mwaka 2021 walichanganya vigae vidogo vya kioo na akriliki kwa mpangilio wa aina hii, wakarekebisha akriliki hadi ipindishe mwanga sawasawa na kioo. Bila marekebisho hayo ungepata kitu cheupe kisichoonyesha upande wa pili. Waliripoti nguvu mara 3 ya kioo cha kawaida, na kustahimili ufa zaidi ya mara 5.

Mbona basi bidhaa hizi hazijajaa madukani? Tatizo kubwa la njia ya barafu ni unene. Barafu yenyewe inazuia joto lisipite, hivyo kadiri inavyopanda, ndivyo inavyochelewa, na kuta za juu zinatoka nene kuliko za chini. Unaweza kuzidi kupoza kitako ili kasi isishuke, lakini kwenye bonge nene utafika mwisho. Halafu kuna ule muda wa ombwe, ambao kiwanda cha vigae hakiwezi kuumudu kwa bei ya kigae. Kwa hiyo nikiulizwa njia hii ianzie wapi, nasema jino la bandia: ni dogo, ni ghali tayari, linatafuna kila siku, na mdomoni halikauki.